Mgeni wa Ukutani

Picha ya kwanza ilipotokea ukutani, fundi aliwahesabu watu waliokuwamo akapata saba. Alipoichomoa slaidi na kuitazama kwa mwanga uliokuwa ukipenya chini ya mlango, walikuwa sita.

Akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mahali pake. Saba. Akadhani macho ndiyo yamechoka. Siku kumi na moja alikuwa ameinamia ile mashine, na mtu wa miaka hamsini na moja aliyekodolea skrubu ndogo kama punje za mtama tangu ujana wake hana haki ya kuyaamini sana macho yake.

Mashine ile aliiunda kwa ajili ya mama yake. Bibi huyo aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeunganishwa vizuri, daktari alisema, kilichobaki ni ale na apumzike. Kupumzika alipumzika. Kula ndiko hakutaka. Kitanda chake kilitazama dirisha, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. "Nikifumba macho ni ukuta, nikifumbua ni ukuta," alimwambia binti yake, dada mkubwa wa fundi, mshonaji wa sare za shule aliyeishi naye na kumwogesha. "Sasa nile ili nipate nguvu ya kutazama nini?"

Ndipo fundi alipolikumbuka kopo la biskuti la marehemu baba yao. Baba alikuwa mpima ardhi. Alizunguka na kamera yake miaka yote, na siku za mapumziko aliwapiga picha watu wa nyumbani kwa filamu ile ya rangi inayokatwa vipande vipande na kutiwa kwenye fremu ndogo za karatasi ngumu. Slaidi arobaini na kitu zilikuwa zimelala koponi tangu azikwe. Yeye mwenyewe hakuwamo hata kwenye moja, maana hakumwamini mtu yeyote kuishika kamera yake.

Projekta ya kuzionyesha hakuna aliyekuwa nayo. Lakini fundi alikuwa mtengenezaji wa kamera, na kibandani kwake zilijaa kamera zilizokufa. Tangu watu waanze kupigana picha kwa simu, alikuwa akiishi kwa kutengeneza vitasa na chaja, huku kamera zikishika vumbi rafuni. Mama yake hakuwahi kuficha alivyoiona kazi ile. "Wenzako wanajenga nyumba," alizoea kumwambia mbele ya wageni, "wewe unajenga vumbi." Wageni walicheka, na fundi alicheka nao.

Akachukua sanduku la mbao nyepesi, akafunga ndani balbu kali na kioo cha kukuzia cha kuukusanya mwanga, na pembeni feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta ili kisanduku kisiungue. Mbele yake akakaza kamera iliyofunguliwa mgongo. Kile kibamba kinachofumba na kufumbua, mafundi hukiita shata, akakibana kwa waya kibaki wazi. Slaidi ilikaa pale ambapo zamani filamu ilipita, ikiwa imegeuzwa miguu juu ili ukutani watu wasimame kwa miguu yao. Lenzi ndiyo iliyomsumbua. Alijaribu nne, zote zikatoa ukungu. Ya tano aliitoa kwenye kamera iliyokuwa nyuma kabisa ya rafu. Alipoiwasha, ilikuwa kama ukuta umebomolewa na watu wamesimama upande wa pili.

Saa tisa alasiri walitundika mablanketi madirishani. Chumba kikawa giza, feni ikavuma, na ukutani ukatokea ua wa nyumba yao ya zamani.

Mama aliinua shingo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano aliomba mto wa pili. Akaanza kuwataja mmoja mmoja: huyu ni shangazi yenu kwenye kigoda, huyu mjomba na suruali yake ya kuazima, huyu dada mtu na meno yake ya mbele yaliyong'oka.

"Na yule nyuma," akasema polepole. "Aliyetupa mgongo."

Kwenye pembe ya kushoto, karibu na ukingo wa picha, alisimama mwanamume mwenye koti refu la kijivu. Uso wake ulielekea ndani ya giza.

"Sioni vizuri, Mama," fundi akasema.

"Baba yenu huyo."

Dada aliacha kukunja nguo. "Mama, baba ndiye aliyekuwa anapiga. Atakuwaje ndani ya picha?"

"Wewe ndiye wa kunifundisha mgongo wa mume wangu? Miaka arobaini nimemwona akiondoka."

Alasiri ile alikula bakuli zima la uji na kuomba tena. Fundi alipokuwa akizungusha waya wa umeme mkononi, mama yake alimshika kiganja, akakigeuza, akakitazama kama kitu kipya dukani. "Kumbe mikono yako ina akili," akasema. "Mimi nilikuwa wapi siku zote?"

Fundi alitoka nje akajifanya anatafuta bisibisi. Alikaa huko muda mrefu kuliko bisibisi yoyote inavyostahili.

Walionyesha tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu chumba kilikuwa na harufu ya siki, kali, ya kukwaruza koo. Fundi aliwaambia ni filamu, zikizeeka hunuka hivyo, na ni kweli hunuka hivyo. Ila filamu hunuka ukiisogeza puani, na hii ilikuwa imejaa mpaka kwenye mapazia. Tena kulikuwa na mlio. Kila baada ya picha mbili tatu ulisikika ndani ya mashine mlio mkavu, klak, mlio wa shata inayofumba na kufumbua, mlio alioujua kuliko sauti yake mwenyewe. Akaikagua. Shata ilikuwa imebanwa na waya vile vile alivyoibana.

Walipofika kwenye picha ile ya uani, mtu wa koti alikuwa amesogea. Sasa alisimama nyuma ya kigoda cha shangazi. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Mbona shangazi hayupo?" Dada aliuliza.

"Shangazi yupi?" mama akajibu, macho hayabanduki ukutani.

"Dada yake baba, Mama. Aliyetulea mimi na huyu ulipolazwa."

"Baba yenu hakuwa na dada. Alizaliwa peke yake, ndiyo maana akawa mbinafsi." Akacheka kidogo. "Tazameni, amesogea. Anaona haya tu kugeuka."

Jikoni, ndugu hao wawili walizungumza kwa kunong'ona.

"Ni uzee," fundi akasema. "Daktari alitwambia dawa za maumivu zinachanganya kichwa."

"Na kigoda?"

"Labda ni slaidi nyingine. Ziko nyingi, zinafanana."

Alimwambia hivyo huku slaidi yenyewe iko kwenye mfuko wa shati lake. Alikuwa ameitazama kwa jua, kwa kioo cha kukuzia. Kigoda kilikuwa kitupu humo pia, na nyasi zilizokuwa zimefunikwa na gauni la shangazi zilionekana moja moja, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzikalia. Alijua. Tangu siku ile alijua, na hakusema, kwa sababu asubuhi mama alikuwa amemtuma dada amwite mapema. "Mwambie kijana wangu asichelewe," ndivyo alivyosema. Kijana wangu. Kwa neno hilo fundi aliiwasha mashine siku ya nne, na ya tano, na ya sita.

Siku ya saba mchana, dada alifika kibandani kwake, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alikuwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Akaweka juu ya meza, katikati ya chaja na vitasa, jozi ya ndala ndogo za mpira, za mtoto wa miaka sita.

Fundi hakuhitaji kuuliza. Kitinda mimba wao alikufa kwa homa miaka thelathini na nne iliyopita, na ndala zile mama alizihifadhi kabatini ndani ya mfuko safi. Kila mwaka siku ile ile alizitoa, akazifuta, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

"Nilikuwa natoa shuka," dada akasema kwa sauti ya chini. "Akaziona. Akaniuliza, ndala hizi za mtoto wa nani? Nikamtajia. Akasema hamjui. Akasema nizitupe, zinajaza kabati bure." Akazipanga zile ndala sawasawa. "Unajua kibaya zaidi ni nini? Alikuwa na furaha. Sijamwona mama hivyo tangu nimekuwa na akili. Uso mwepesi kama wa msichana."

"Jana tulionyesha ile ya beseni," fundi akasema.

"Ninajua tulionyesha nini. Mtoto alikuwa kwenye beseni na yule mtu ameinama juu yake. Nikafumba macho. Nilipofumbua kulikuwa na beseni tu." Akavuta kiti, akaketi. "Lenzi hiyo umeitoa wapi, mdogo wangu?"

Fundi aliokota skrubu moja mezani, akaigeuzageuza.

"Kwenye kamera ya mteja."

"Mteja gani?"

"Wa zamani, mama mmoja. Aliileta imefungwa kitambaa cheupe, uzi umezungushwa mafundo saba. Akasema hataki itengenezwe. Anataka niiweke tu kama ilivyo, mpaka apate mtu wa kuisomea."

"Na wewe ukaifungua."

"Nilitaka kuona tu. Lenzi kama ile, Dada, fundi hakutani nayo mara mbili. Aliporudi kuichukua nikamwambia imeibiwa."

"Akasemaje?"

"Hakugomba. Nilitarajia anigombeze. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akasema, basi Mungu amsaidie huyo aliyeiiba, na wale anaowapenda. Halafu akanitazama. Nadhani alijua."

Dada aliziokota zile ndala, akazifuta kwa mkono wa gauni ingawa hazikuwa na vumbi. "Simama," akasema. "Tukaizime hiyo mashine, kisha twende kwa Mama Dobi, yule anayetoa majini."

Walikwenda kwa miguu, haraka. Jua lilikuwa la saa nane, la kuumiza macho, watoto wa mtaa walikuwa wakitoka shule, na fundi alikumbuka baadaye kwamba alijifariji kwa hilo, kwamba ni mchana, na mchana vitu vya namna ile hulala. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu kama dada alivyouacha. Ndani palikuwa kimya, isipokuwa kutoka chumba cha mama ilisikika feni ndogo ikivuma.

"Uliiacha inawaka?" dada akanong'ona.

"Niliondoka na waya wake. Uko kibandani."

Alisukuma mlango wa chumba, na harufu ya siki ikamgonga usoni mpaka macho yakatoka machozi, na katika machozi yale aliona kwamba mablanketi yalikuwa yametundikwa madirishani, yote mawili, yakiwa yamekunjwa vizuri pembeni na kuchomekwa kwa misumari ile ya juu ambayo yeye mwenyewe huifikia kwa kusimama juu ya kiti, na mama yake, ambaye hakuweza hata kujigeuza ubavu bila kusaidiwa, alikuwa ameketi wima kitandani na nywele zake amezichana, na mashine ilikuwa ikimulika bila waya na bila slaidi, na kwenye ukuta mweupe hapakuwa na ua wala nyumba wala watu bali yule mtu peke yake, mrefu kutoka sakafuni hadi darini, koti lake likipepea polepole kana kwamba kwake kulikuwa na upepo, na shata ikawa inagonga sasa bila kupumzika, klak, klak, klak, kama ulimi wa mtu anayeonja kitu kitamu, na kila ilipogonga, bega lake la kulia lilisogea kidogo sana, upana wa unywele, likielekea kugeuka.

Mama alikuwa akizungumza naye. Alisema kwa sauti ndogo, ya aibu, ambayo wanawe hawakuwahi kuisikia.

"Polepole," alikuwa akimwambia. "Usijiharakishe. Nimekungoja sana, nitangoja na kidogo kilichobaki."

Dada ndiye aliyeng'oa blanketi. Jua lilipoingia, ukuta ulikuwa ukuta, na mama akalia kama mtu aliyenyang'anywa.

Mama Dobi alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni, na kazi ya kutoa majini aliifanya kati ya zamu na zamu, bila mbwembwe, kama anavyotoa madoa. Walimwendea jioni ile ile, naye akafika kesho yake saa saba mchana, viatu vyake vya mpira miguuni.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Nina zamu saa kumi, kwa hiyo tusizungushane." Akanusa hewa mlangoni. "Ameshakomaa huyu. Leteni picha zote."

Alizitazama slaidi moja moja kwenye dirisha la jikoni. Alipofika kwenye ile ya beseni alikaa nayo kidogo, kisha akaiweka chini kwa upole.

"Huyu hali watu," akasema. "Anakula kule kuwajua. Anaanzia kwa wa mbali, anakuja karibu, na mwisho anajigeuza, na akishajigeuza, yule anayemtazama hajui tena hata jina lake mwenyewe. Na hali kumbukumbu za yeyote ila za yule anayemkaribisha. Ndiyo maana nyinyi bado mnakumbuka."

"Waliokwisha kuliwa, watarudi?" dada akauliza.

"Mimi nafua. Nguo iliyoungua siwezi kuifua ikarudi." Akakausha mikono ingawa haikuwa na maji. "Kumtoa ninaweza. Nitamsomea akiwa ukutani mpaka ageuke kwangu badala ya kwa mama yenu. Akigeuka kwangu, fundi utaziba lenzi kwa kitambaa hiki, utaing'oa, nami nitaipeleka kwenye tanuri la hospitali, kule wanakochoma vitu visivyotakiwa kurudi. Lakini hageuki bila chambo. Lazima pawe na picha yenye mtu ndani. Na hatoki mdomo mtupu. Atakayekuwamo kwenye picha hiyo, mama yenu hatamjua tena."

"Tuweke ya mama mwenyewe," fundi akasema.

"Halafu aamke hajijui? Afadhali kumwacha jini." Akazisukuma slaidi mbele. "Chagueni yenye mtu mmoja. Msipoteze wawili bure."

Zenye mtu mmoja, ukitoa za mama, zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya dada, miaka kumi na miwili, na sare ya shule aliyojishonea mwenyewe, mshono wake wa kwanza. Nyingine ilikuwa ya fundi, miaka tisa, ameketi sakafuni katikati ya redio ya nyumbani aliyoifumua yote, vipande vimemzunguka, na usoni ana furaha ya mtu asiyejua bado kwamba atachapwa.

Zile slaidi mbili zikabaki mezani, kati yao.

Fundi alifikiri kwamba dada ndiye anayemwogesha mama, anayemgeuza, anayejua ni upande gani wa nyonga usiguswe. Alifikiri pia juu ya kitambaa cheupe na mafundo saba. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na alikuwa ameimaliza kabla Mama Dobi hajamaliza kusema. Alichokuwa akingoja ni kitu kingine. Alimngoja dada yake aseme hapana, basi, hata kwa kusema tu. Aseme tutafute njia nyingine, mdogo wangu. Naye angemjibu hakuna njia nyingine, na wangekuwa wamelibeba wote wawili.

Dada alikuwa akinyoosha utepe wake wa kupimia juu ya meza, akiukunja, akiunyoosha.

Fundi akaichukua slaidi ya redio.

Walitundika mablanketi. Mama alipoona wanaandaa mashine alifurahi, kisha akamwona mgeni mwenye viatu vya mpira, na furaha ikamtoka. Balbu ikawaka. Mtoto wa miaka tisa akatokea ukutani na redio yake, na nyuma yake, bila kungoja, yule mtu.

Mama Dobi alianza kusoma. Hakupaza sauti. Alisoma kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa, bila kukoma hata kuvuta pumzi, na kadiri alivyosoma ndivyo feni ilivyozidi kuvuma mpaka sanduku likatetemeka juu ya meza na misumari ya mablanketi ikaanza kulia, na harufu ya siki ikawa nzito hata ikawa kama kuimeza, na mtu wa koti akaanza kugeuka, bega, sikio, shavu, huku mama akiinyoosha mikono yake miwili kuelekea ukutani na kusihi.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu, usimfukuze baba yako. Nimekukosea, ninajua. Nilikucheka sana mbele za watu. Usinilipe hivi."

Fundi alikuwa na kitambaa mkononi. Angejibu, angekiachia.

"Usimtazame mama yako," Mama Dobi akasema katikati ya kusoma. "Nitazame mimi. Nikiinua kidole, ziba."

Yule mtu akageuka. Fundi alikuwa ameambiwa amtazame Mama Dobi, akatazama ukutani. Palipopaswa kuwa na uso palikuwa na nyuso, nyingi, zikipishana kama kurasa za kitabu zinazopeperushwa kwa kidole gumba, watu wazima na watoto asiowajua, watu wa yule mama mteja bila shaka, kisha shangazi mdomo wazi kana kwamba amekatizwa akisema, kisha mdogo wao na maji ya beseni bado kwenye nyusi, na wa mwisho, akitokea taratibu na kukaa, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa akicheka.

Kidole kiliinuka. Fundi akaziba.

Giza lilikuwa zito, na shata ikagonga mara moja, kisha haikugonga tena. Alipong'oa lenzi ilikuwa ya moto kama kikaango, ikamchoma kiganja, hakuiachia mpaka Mama Dobi alipomfungua vidole kimoja kimoja. Aliifunga, akaitia mfukoni mwa vazi lake la kazi, akaangalia saa, akaondoka. Malipo hakutaka kusikia.

Dada alifungua madirisha. Mama alikuwa amelala kwa utulivu, pumzi zake za kawaida. Alipoamka alikuwa na njaa. Akamwita dada kwa jina lake, akamwuliza mbona chumba kina joto. Kisha akamwona mwanamume aliyesimama karibu na meza akikishikilia kiganja chake, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Huyu nani?" akamnong'oneza binti yake. "Mbona unaniingizia wanaume chumbani sijavaa vizuri?"

"Ni fundi, Mama," dada akasema. "Alikuja kutengeneza. Anatoka sasa hivi."

Miezi mitatu baadaye bibi alikuwa akitembea kwa mkongojo mpaka uani na kurudi. Alinenepa. Aliwatania wateja wa dada, akawapangia wachumba. Majirani walisema ni muujiza, na dada aliitikia.

Fundi huja siku ya Alhamisi. Haji bila sababu, maana bibi hapendi mwanamume asiyemjua azoee nyumba. Kwa hiyo Jumatano jioni dada hulegeza bawaba ya kabati, au hutoa kishikio cha dirisha, au hukata waya wa pasi. Hawajawahi kuzungumza kuhusu yale yaliyopita mezani pale jikoni. Humfungulia mlango, humwonyesha palipoharibika, kisha hurudi kwenye cherehani na kushona kwa nguvu, bila kuinua kichwa, hadi aondoke.

Alhamisi moja bibi aliketi karibu kumtazama akifanya kazi. Alikuwa amevutiwa na kovu la kuungua kiganjani mwake, akamwuliza kama linauma. Fundi akasema halimuumi. Bibi akamwangalia sana, kichwa ameinamisha upande, na fundi akaacha kukaza bawaba.

"Mama yako yuko hai?" bibi akauliza.

"Yupo."

"Unakwenda kumwona?"

"Ninakwenda."

"Vizuri. Maana nyinyi vijana mna tabia ya kusahau." Akaegemeza mkongojo wake ukutani, akajiweka sawa kitini. "Haya, maliza kabati langu."

Nyuma ya mlango, cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Fundi aliinama akaikaza ile bawaba, taratibu, akiifungua na kuifunga kuona kama imekaa sawa, na ilipokuwa imekaa sawa aliilegeza tena ili aianze upya.